Kabla ya kusema kadi imeungua, iulizeni kwanza

Mhariri,

Simu na intaneti za mtaa mzima zinapokatika kwa dakika ile ile, jibu wanalopewa wateja huwa fupi: kadi imeungua, tunasubiri nyingine. Kuna siku jibu hilo ni la kweli. Radi hupiga nguzo, maji hupenya kwenye kabati, na bamba likaungua hata harufu ikasikika. Lakini kadi nyingine hung'olewa, hufungwa kwenye boksi, hupelekwa karakana, na wapimaji wa huko huzikuta hazina kasoro yoyote. Kumbe aina ya kadi iliandikwa vibaya kwenye kumbukumbu za mtambo, au poti, yaani milango ya laini za wateja, zilifungwa kwa amri zikasahauliwa, au umeme ulishuka chini ya kiwango. Wateja 48 wamekaa siku tatu bila huduma kwa jambo ambalo amri tatu zingelionyesha kwa dakika tano.

Tunaomba nafasi kwenye gazeti lako tuseme na wasimamizi wa mitandao na mafundi wenzetu. Kadi ya laini isitangazwe kuwa imekufa, isizimwe na kuwashwa upya, wala isichomolewe, kabla haijaulizwa. Namna ya kuiuliza tutaieleza kwa kirefu, kwa sababu mafundi vijana hufundishwa amri za kubadilisha kabla ya amri za kusoma, na hapo ndipo wateja wanapoumia.

Kwa msomaji asiyeijua: kadi ya laini ni bamba la kielektroniki linalochomekwa kwenye sloti ya rafu ya mtambo, na waya wa mteja huishia hapo. Kwenye simu ya kawaida ya waya, kadi hiyo ndiyo inayopeleka volti 48 hasi kwenye laini, inayopiga kengele kwa mkondo wa hezi 20 au 25, inayotambua kwamba mkono wa simu umeinuliwa, na inayoigeuza sauti kuwa tarakimu kwa kuipima mara 8,000 kila sekunde, biti 8 kila kipimo, ndiyo maana laini moja ya sauti huchukua kilobiti 64. Kwenye intaneti ya waya wa shaba, kila poti ya kadi ni modemu kamili inayozungumza na modemu ya nyumbani. Kadi moja hubeba laini 24, 48, 64 au 72. Kwenye mkongo hesabu hupanda zaidi: poti moja hugawanywa kwa splita, kifaa cha kugawa mwanga, kwa nyumba 32 au 64, hivyo kadi ya poti 16 inaweza kuwa na nyumba 1,024 nyuma yake. Mkono unaoigusa kadi hiyo uwe na sababu.

Mitambo mingi ya mawasiliano huelewa lugha ya amri iitwayo TL1, iliyobuniwa na Bellcore, kampuni ya utafiti wa simu ya Marekani, mwaka 1984. Mingine hutumia amri za mtengenezaji wake, lakini mpangilio wa kazi ni ule ule, na anayeielewa TL1 hapotei kwingine. Amri yake hupangwa kwa vyumba vinavyotenganishwa na nukta mbili, na hufungwa kwa nukta mkato. Chumba cha kwanza ni kitendo na kitu kinachotendewa, cha pili jina la mtambo, cha tatu anwani ya kadi au poti, cha nne namba ya amri ambayo fundi anaichagua mwenyewe. Mfano:

RTRV-EQPT:KITUO7:LC-1-5:104;

Maana yake: mtambo wa KITUO7, nieleze hali ya kadi iliyo rafu ya 1, sloti ya 5, na jibu lako ulipe namba 104. Jibu huja hivi:

KITUO7 25-03-14 02:10:41
M 104 COMPLD
"LC-1-5:ADSL48:OOS-AU,UEQ"
;

Namba ile 104 wengi huidharau, wakaandika 1 kwa kila amri. Hapo ndipo wanapojichanganya. Mtambo ukiwa na kazi nyingi, majibu hayarudi lazima kwa mfuatano wa maswali, na katikati yake hujipenyeza taarifa za alamu ambazo hakuna aliyeziuliza. Herufi M mwanzoni mwa mstari inasema hili ni jibu la amri yako. Herufi A inasema mtambo umejisemea wenyewe. Alamu nzito kabisa hutanguliwa na *C, kubwa hutanguliwa na nyota mbili, ndogo na nyota moja. Fundi aliyeipa kila amri namba yake anaweza kurudi kwenye kumbukumbu za usiku ule na kusema ni amri ipi iliyojibiwa nini.

Anwani ya kadi haiandikwi kwa namna moja kwenye mitambo yote. Mmoja huandika LC-1-5, mwingine SLOT-5, mwingine 1-1-5. Ukikosea, jibu ni DENY na msimbo wa herufi nne chini yake. Herufi hizo nne ni msaada mkubwa. IIAC inasema anwani uliyoandika haipo au haikubaliki. ICNV inasema amri yenyewe haijulikani kwa mtambo huu. PIUC inasema jina lako halina ruhusa ya kazi hiyo. ENEQ inasema sloti hiyo haina kifaa. SNVS inasema kitu hicho hakiko katika hali inayoruhusu unachotaka, mfano unajaribu kufuta poti ambayo bado inamhudumia mteja. Anayeona DENY akarudia amri ile ile mara tano bila kusoma mstari wa chini yake anapoteza muda wa mteja.

Sasa turudi kwenye jibu la 104, maana lina jambo zito kuliko yote tunayotaka kuyasema. Baada ya anwani kuna aina ya kadi, ADSL48, na mwisho wa mstari kuna hali kuu, kisha hali ya nyongeza baada ya mkato. IS-NR ni kadi iliyo kazini bila shida. OOS-AU ni kadi iliyotoka kazini yenyewe, bila amri ya mtu. OOS-MA ni kadi iliyotolewa kazini na binadamu kwa amri. Tofauti ya AU na MA peke yake huokoa safari nyingi: ukikuta MA, usitafute fundi wa kubadilisha kadi, tafuta kwenye kumbukumbu nani aliyeitoa kazini na kwa nini, kisha irudishwe kwa RST-EQPT.

Ikiwa ni AU, soma neno la nyongeza. UEQ maana yake sloti imeandikishwa lakini mtambo hauoni kadi ndani yake. Hapo kadi inaweza kuwa haijasukumwa ikafika mwisho, au haipati umeme, au pini ya bodi ya nyuma, ile ambayo kadi zote za rafu huchomekwa, imepinda. MEA maana yake kadi ipo na inaonekana, ila si aina iliyoandikishwa: kumbukumbu zinasema kadi ya laini 48, iliyochomekwa ni ya laini 64, au ni toleo la zamani la jina lile lile. FLT maana yake kadi imejipima yenyewe ikakiri kuwa na ubovu. Katika haya matatu ni FLT tu inayostahili boksi la karakana, na hata hiyo baada ya kuichomoa na kuirudisha mara moja kwa utaratibu, kisha kuijaribu kwenye sloti nyingine iliyo tupu. Kadi zenye UEQ na MEA hazijasema kwamba ni mbovu. Kuzipeleka karakana ni kumpeleka hospitali mtu aliyefungiwa mlango nje.

Kabla ya hapo kuna swali dogo ambalo husahaulika: je, mtambo wenyewe una umeme unaotosha? Vifaa vya volti 48 vimetengenezwa kufanya kazi kati ya volti 40.5 na 57. Umeme wa gridi ukikatika na betri zikachoka, volti hushuka taratibu, na kadi huanza kudondoka moja moja, zile zenye kula umeme zaidi zikitangulia. Umeme ukirudi, baadhi hufufuka na baadhi hukwama nusu njia. Anayefika wakati huo huziona mbili zimezima kati ya kumi na sita, akasema mbili hizo zimeungua. Pima volti kwenye njia zote mbili za umeme wa rafu, A na B, kwa mita, ukiwa umesimama pale pale. Fyuzi ya njia A ikiwa imekatika, rafu inaweza kuendelea kuishi kwa B bila mtu kujua, mpaka siku B nayo itakapoguswa.

Mpangilio wa kusoma basi ni huu. Ingia kwa jina lako mwenyewe, ACT-USER:KITUO7:FUNDI2:100::NENOSIRI; na si kwa jina moja linalotumiwa na kituo kizima. Uliza RTRV-HDR kuhakikisha mtambo unajibu na saa yake ni sahihi, kwa sababu saa ikiwa imerudi nyuma miaka, kumbukumbu zote za alamu hazitakusaidia. Soma alamu zote za mtambo, si za kadi unayoishuku tu:

RTRV-ALM-ALL:KITUO7:ALL:102;

Kila mstari wa alamu huonyesha uzito wake kwa CR (nzito kabisa), MJ (kubwa) au MN (ndogo), na huonyesha kama huduma imeguswa, SA, au haijaguswa, NSA. Angalia saa ya kila alamu ilipoanza. Alamu ya feni iliyoanza saa nane usiku, ikafuatwa na ya joto saa tisa, ikafuatwa na kadi tatu kutoka kazini saa tisa na nusu, hiyo ni feni. Kadi zimejilinda tu. Ukizibadilisha zote tatu na kuiacha feni, kesho utazibadilisha tena. Chujio la vumbi lililo chini ya rafu ndilo chanzo cha msiba wa namna hii mara nyingi kuliko feni yenyewe, na kulisafisha hakuhitaji amri yoyote.

Baada ya alamu, soma hesabu za makosa kwa RTRV-PM. Mtambo huhesabu makosa kwa vipindi vya dakika 15, vipindi 96 kwa siku nzima, pamoja na jumla ya saa 24. Kuna sekunde zenye kosa, sekunde zenye makosa mengi, na sekunde ambazo laini haikupatikana kabisa. Hizi za mwisho huanza kuhesabiwa baada ya sekunde 10 mfululizo zenye makosa mengi, na hukoma baada ya sekunde 10 mfululizo zisizokuwa nayo. Kinachohitajika hapa ni kulinganisha poti. Poti moja ikiwa na makosa na jirani zake ni safi, kadi haina hatia, nenda kwenye waya. Poti kumi zenye jozi za waya zilizo kwenye kebo moja zikipata makosa pamoja, hasa baada ya mvua, kebo imeingia maji. Poti zote 48 zikipata makosa kwenye kipindi kile kile cha dakika 15, chanzo ni kile wanachokitumia wote: umeme, bodi ya nyuma, au kiungo cha kadi ya udhibiti. Usizifute hesabu hizo kwa INIT-REG kabla hujazinakili. Ukizifuta umefuta ushahidi.

Kwenye waya wa shaba, kadi nyingi za kisasa zinaweza kuupima waya zenyewe kwa amri, kabla ya kumtuma mtu kupanda nguzo. Waya wa milimita 0.4 una ukinzani wa omu 280 hivi kwa kilomita ukihesabu kwenda na kurudi, na jozi huwa na kapasitansi, yaani uwezo wa kushika chaji, ya nanofaradi 50 hivi kwa kilomita. Chukua mteja aliye kilomita 2.4 kutoka kituoni. Jozi yake, vifaa vya nyumbani vikiwa vimechomolewa, ingepaswa kusoma nanofaradi 120 hivi. Kadi ikikusomea 60, waya umekatika karibu kilomita 1.2 kutoka kituoni, na fundi wa nje anajua aanzie kabati lipi. Ikikusomea 120 kamili, waya umefika, shida iko nyumbani. Ikiwa kuna volti ngeni kwenye waya ambao umeshakatwa kutoka kwenye kadi, jozi hiyo inagusana na jozi nyingine mahali fulani kwenye kebo, na hapo hakuna kadi mpya itakayosaidia.

Kadi za njia za megabiti 2.048 kwa sekunde, zenye nafasi 32, zina ugonjwa wao wa kipekee: kitanzi cha majaribio kilichosahauliwa. Fundi hutoa amri ya OPR-LPBK ili mawimbi yarudi yalikotoka, anathibitisha kwamba upande wake ni mzima, anafurahi, anaondoka bila RLS-LPBK. Njia inabaki imefungwa, na upande wa pili unaona mawimbi safi kabisa kwa sababu unajisikia wenyewe. Ukiona njia isiyo na alamu hata moja lakini haipitishi kitu, tafuta neno LPBK kwenye hali ya nyongeza kabla ya jambo lingine lolote. Pia hakikisha pande zote mbili zimekubaliana: kebo ya omu 75 haiungwi na ya omu 120 bila kigeuzi katikati, na ukaguzi wa makosa uitwao CRC-4 ukiwashwa upande mmoja na kuzimwa upande wa pili, njia itakusumbua kwa alamu zisizoeleweka.

Kwenye mkongo kuna jambo moja ambalo lazima tulitaje, maana limeshawaponza wengi. Nyumba zote za poti moja hutuma mwanga kwa zamu, na mtambo ndio unaogawa zamu. Kifaa kimoja cha nyumbani kikiharibika kikawa kinawaka muda wote, au nje ya zamu yake, kinawaziba wote. Kutoka kituoni inaonekana poti nzima imekufa, wakati mwingine ikifufuka na kufa tena. Kadi ikibadilishwa, hali haibadiliki. Dawa ni kuvizima vifaa vya nyumbani kimoja kimoja kwa amri, ukingoja kidogo baada ya kila kimoja, mpaka poti itulie. Kama kifaa kibovu hakisikii amri, kitenge kwa kuchomoa matawi ya splita moja moja. Kagua pia nguvu ya mwanga. Kwa daraja la B+ la GPON, mfumo huu wa mkongo unaogawanywa kwa nyumba nyingi, njia nzima inaruhusiwa kupoteza desibeli 28, na kifaa cha nyumbani huhitaji kupokea angalau desibeli 27 chini ya miliwati moja. Splita ya nyumba 32 peke yake hula desibeli 17 hivi, na kilomita 10 za mkongo hula 3.5 kwa mwanga unaotoka nyumbani. Kinachobaki ni cha viungio, na kichwa kimoja kichafu kinaweza kukimaliza.

Sasa kuhusu kubadilisha kadi, pale ambapo imethibitika kweli ni mbovu. Hapa kuna amri mbili ambazo watu huzichanganya kwa hasara kubwa. RMV-EQPT huitoa kadi kazini lakini huacha maandishi yake yote: aina yake, poti zake, profaili (mpangilio wa laini) ya kila mteja, na miunganiko yake kwenda ndani ya mtandao. DLT-EQPT hufuta maandishi hayo. Anayeitumia DLT kabla ya kuchomoa kadi, akidhani anasafisha, hujikuta na kadi mpya nzima kabisa, taa ya kijani, na wateja 48 ambao mtambo hauwatambui hata mmoja. Mitambo iliyoandikwa kwa uangalifu hukataa DLT kwa jibu la SNVS ikiwa poti bado ziko kazini. Tumeona maelekezo ya kazi yanayomshauri fundi azifunge poti zote moja moja ili DLT ikubali. Maelekezo ya namna hiyo yafutwe. Mtambo ulikuwa unakuzuia kwa sababu nzuri.

Utaratibu ulio salama: nakili mipangilio ya kadi nzima kwenye faili iliyo nje ya mtambo. Toa RMV-EQPT, kisha uliza RTRV-EQPT mpaka uone OOS-MA. Vaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na tundu la ardhi la rafu, si kwenye rangi ya chuma. Fungua vishikizo vyote viwili kwa pamoja, vuta kadi sawasawa, na uiweke kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli kabla ya kugeuka kuchukua mpya. Mulika ndani ya sloti kwa tochi uangalie pini. Pini moja iliyopinda itaiharibu kadi mpya kama ilivyoiharibu ya zamani, na ukisukuma kwa nguvu utazipinda na jirani zake. Linganisha namba ya aina iliyo kwenye kibandiko cha kadi ya zamani na mpya, herufi kwa herufi, pamoja na herufi ya toleo iliyo mwishoni. Sukuma kwa vishikizo, si kwa kiganja katikati ya bamba.

Kisha ngoja. Kadi mpya inapowaka hujipima, halafu inaweza kupakua programu yake ya ndani kutoka kwenye kadi ya udhibiti ikiwa matoleo hayalingani, na kazi hiyo huchukua dakika kadhaa taa ikimetameta. Kuichomoa katikati ya upakuaji kwa sababu "haiwaki vizuri" ndiyo njia ya uhakika ya kuigeuza kadi nzima kuwa mbovu. Ikitulia, toa RST-EQPT, uliza tena hali yake, na ukiona IS-NR ndipo ukague poti.

Kama sloti haijawahi kuwa na kadi, iandikishe kabla ya kuchomeka, kwa mfano:

ENT-EQPT:KITUO7:LC-1-6:112::ADSL48;

Alama mbili za nukta mbili zilizokaribiana baada ya 112 si kosa la chapa. Katikati yake kuna chumba kilichoachwa wazi kwa makusudi, na ukikiondoa aina ya kadi itaingia mahali pasipo pake na amri itakataliwa.

Kuhusu profaili za wateja wa waya wa shaba, tunalo neno kwa wasimamizi wanaotangaza kasi kubwa. Laini huwekewa akiba ya desibeli juu ya kelele, na kiwango cha kawaida ni 6. Ukiishusha akiba hiyo hadi 3 ili mteja aone namba kubwa, laini itakatika kila taa ya jirani inapowashwa. Katika aina za intaneti ya waya wa shaba, ADSL2+ hutumia masafa mpaka megahezi 2.2, na VDSL2 ya profaili 17a mpaka megahezi 17.6, lakini masafa hayo ya juu hufa haraka kwenye shaba, na mteja aliye kilomita mbili hapati faida yake hata umwekee profaili gani. Kila unapobadilisha profaili ya poti, laini hukatika na kuungana upya. Fanya hivyo saa ambayo mteja amelala.

Kwenye mitambo inayotumia amri za mtengenezaji, mipangilio mipya hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda mpaka uihifadhi kwa amri maalumu. Asiyehifadhi hugundua kosa lake miezi mingi baadaye, umeme unapokatika na mtambo ukaamka na mipangilio ya zamani. Wateja wote waliounganishwa tangu wakati ule hupotea pamoja. Ikiwa rafu ina kadi mbili za udhibiti, hakikisha ile ya akiba imeshapokea nakala na inasema iko tayari, kabla ya kumruhusu mtu yeyote kuigusa ile inayofanya kazi.

Na kwa kuwa amri hizi zina uwezo wa kuzima mtaa, zisipite wazi. Mitambo mingi ya zamani hupokea TL1 kwa telneti, ambako nenosiri husafiri likiwa linasomeka. Pale mtambo unapoikubali SSH, njia inayoficha kila kinachopita, itumike. Pale usipoikubali, mtandao wa usimamizi utengwe kabisa na mtandao wa wateja.

Kwa wasimamizi, tunaomba jambo moja litekelezwe mara moja. Boksi lolote linalopelekwa karakana likiwa na kadi ya laini liambatane na karatasi yenye majibu matatu yaliyonakiliwa neno kwa neno: jibu la RTRV-ALM-ALL, la RTRV-EQPT na la RTRV-PM, yote yakiwa na tarehe na saa za kabla kadi haijachomolewa, pamoja na volti zilizosomwa kwenye njia A na B. Karakana iwe na haki ya kulirudisha boksi lisilo na karatasi hiyo.

Ni sisi,
Mafundi wa matengenezo ya mitambo ya mawasiliano